Je, Wajua? Mjerumani wa Milwaukee na Chupa Zinazovuka Ziwa Letu

Je, wajua kwamba jina la mhamiaji wa Kijerumani aliyefariki Marekani mwaka 1888 lilikaa miaka 14 kwenye kampuni iliyomiliki bia za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika? Mtu wa Mpala, huku ufukoni upande wa Kongo, aliyevuka kwenda Kigoma kati ya 2002 na 2016, akaketi na kuagiza Kilimanjaro au Safari, alikunywa bia ya kampuni iliyoitwa SABMiller. Miller huyo ni Frederick Miller, mpika bia wa mji wa Milwaukee. Safu ya leo ni yake, ya Wajerumani wenzake waliohamia Marekani na hamira mizigoni, na ya mama zetu wa huku ziwani ambao walikuwa wakiotesha mtama na kupika pombe tangu zamani.

Je, wajua alizaliwa wapi? Riedlingen, katika Württemberg, mwaka 1824. Jina la ubatizo lilikuwa Friedrich Eduard Johannes Müller. Hakwenda Marekani kujaribu bahati akiwa mikono mitupu: tayari alikuwa fundi, na alikuwa amekodi kiwanda cha bia cha ukoo wa kifalme wa Hohenzollern kule Sigmaringen. Aliondoka mwaka 1854 pamoja na mkewe Josephine na mtoto mchanga. Mwaka huohuo zaidi ya Wajerumani 200,000 waliingia Marekani. Mavuno mabaya ya viazi, misukosuko iliyofuata mapinduzi yaliyoshindwa ya 1848 na uhaba wa ardhi viliwasukuma watu nje kwa makundi.

Na je, wajua alibeba nini cha thamani? Hamira. Kwa mpika bia, hamira ndiyo roho ya kazi: kuvu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula sukari na kuacha kileo na gesi. Hamira aliyokuja nayo Miller ilikuwa ya bia aina ya lager, ile bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ambayo leo imejaa kwenye baa za Kalemie, Bujumbura na Kigoma. Kampuni yake iliitunza mbegu hiyo ya hamira, kizazi baada ya kizazi.

Kiwanda chenyewe hakukijenga. Alikinunua mwaka 1855, kikiwa kimefungwa, kutoka kwa ukoo wa Best, Wajerumani waliomtangulia. Kiliitwa Plank Road, kwa sababu kilikuwa kando ya barabara iliyotandikwa mbao ambayo wakulima wa Wisconsin waliipita na mikokoteni yao ya nafaka kwenda mjini. Shayiri ilimfuata mlangoni.

Je, wajua kwa nini alikipenda kiwanda kilichokwama? Kwa sababu ya pango. Nyuma ya kiwanda, wenye kiwanda wa kwanza walikuwa wamechimba mahandaki ndani ya kilima na kuyajengea kuta nene za matofali. Wakati wa baridi kali mito na maziwa ya Wisconsin huganda. Vibarua waliikata barafu kwa misumeno, wakaivuta kwa farasi na kuipanga handakini kandokando ya mapipa, na barafu hiyo ilidumu mpaka kiangazi. Hamira ya lager hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi, na baada ya hapo bia lazima itulie kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0. Ukosefu wa ubaridi huharibu kila kitu.

Sasa njoo Mpala. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa na joto la nyuzi 24 hadi 28 hivi mwaka mzima. Hata Miller mwenyewe angeletwa hapa na hamira yake mwaka 1855, asingeweza kupika lager. Ujuzi wake wote ungeshindwa na hali ya hewa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bado wako wanaoamini kwamba Afrika haikuwa na bia ya chupa kwa kukosa akili ya kuipika. Kilichokosekana ni barafu.

Je, wajua kwamba mwaka 1883 ni mwaka mkubwa kwa bia na kwa Mpala pia? Tarehe 4 Mei 1883, Luteni wa Kibelgiji Émile Storms alianzisha kituo cha Shirika la Kimataifa la Afrika karibu na mdomo wa mto Lufuko, katika nchi ya Batabwa, kwa chifu Mpala. Novemba ya mwaka huohuo, katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, Emil Christian Hansen alifaulu kutenga aina moja safi ya hamira ya lager. Kabla ya hapo wapika bia wa Ulaya na Marekani walikuwa hawajui kwa hakika ni kitu gani kinachoishi ndani ya mapipa yao. Pipa zima liliweza kuchacha vibaya bila mtu kujua sababu. Baada ya Hansen, bia ya Januari na ya Juni zikawa na ladha moja.

Mzazi mmoja wa hamira hiyo hakujulikana kwa zaidi ya karne. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wamempata kwenye misitu ya Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika.

Je, wajua kwamba Wajerumani walifika Mpala mapema, lakini hawakuwa wapika bia? Mwaka 1883 walipita hapa Paul Reichard na Richard Böhm, wakielekea Katanga. Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin. Alifia Katanga Machi 1884, bado kijana. Mpaka leo yuko ndege mdogo mla nyuki, wa rangi ya kijani na kichwa chekundu cha kutu, ambaye wanasayansi humwita Merops boehmi, na jamii moja ya punda milia wa Afrika Mashariki nayo ina jina lake.

Miaka ileile, basi, Wazungu waliondoka kwao kwa njia mbili tofauti. Walioelekea Milwaukee walikwenda kutafuta kiwanja, kazi na wanunuzi, ingawa ardhi hiyo nayo ilikuwa imetwaliwa kwa wenyeji wake wa asili. Waliofika ufuko wetu walikuja na bunduki mkononi. Storms, aliyeitwa Bwana Boma, alituma watu kumshambulia chifu Lusinga mnamo Desemba 1884. Lusinga akauawa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji, ambako limehifadhiwa kwenye taasisi ya sayansi ya asili mjini Brussels. Sanamu ya Storms iliyosimama katika bustani moja ya mji huo iliondolewa mwaka 2022. Fuvu la Lusinga linastahili kurudi kwa Batabwa.

Mwaka 1885 kituo cha Mpala kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Mwaka 1887 akaja Mfaransa Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, ili kuwakinga watu wa misheni dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnès Atakaye, binti wa huku. Miller alifariki mwaka huohuo huko Milwaukee. Joubert naye hakurudi kwao; aliishi katika nchi ya Batabwa mpaka alipofariki mwaka 1927.

Turudi Marekani. Je, wajua kwamba utajiri haukumkinga Miller na misiba? Josephine alifariki mwaka 1860, miaka michache tu baada ya kufika, na wengi wa watoto wake walikufa wadogo. Alioa tena, akaendelea na kazi, akafungua bustani ya kunywea bia juu ya bonde ambako familia za Kijerumani zilikuja Jumapili na watoto wao, chakula na muziki. Wanawe ndio walioendeleza kiwanda.

Je, wajua kwamba Milwaukee iko kando ya ziwa kama Mpala? Ni Ziwa Michigan, kubwa kuliko letu kwa eneo, lakini kwa kina halifiki popote: mita 281, ilhali Tanganyika lina mita 1,470. Frederick Pabst, Mjerumani mwingine, alikuwa nahodha wa meli kwenye ziwa hilo. Alimwoa binti wa Phillip Best, mpika bia. Mwaka 1863 meli yake ilikwama ufukoni wakati wa dhoruba, akaacha unahodha na kuingia kwenye kiwanda cha baba mkwe. Kiwanda kikaja kubeba jina la Pabst.

Joseph Schlitz, wa Milwaukee pia, alikuwa karani wa mahesabu katika kiwanda cha bia. Mwenye kiwanda alipofariki, alimwoa mjane. Mwaka 1875 alipanda meli Schiller kwenda kuwatembelea ndugu Ujerumani. Meli iligonga miamba karibu na visiwa vya Scilly, Uingereza, na Schlitz akazama.

Adolph Coors aliingia Marekani mwaka 1868 kwa kujificha melini bila kulipa nauli. Miaka mitano baadaye alikuwa na kiwanda chake Colorado.

Je, wajua kwamba Budweiser ilitoka mikononi mwa mtengeneza sabuni? Eberhard Anheuser alikuwa na kiwanda cha sabuni na mishumaa mjini St. Louis. Kiwanda kidogo cha bia kilichodaiwa fedha na watu wengi kikaanguka, na mwaka 1860 yeye, akiwa mmoja wa waliokikopesha, akakichukua. Bia hakuijua vizuri. Aliyeijua biashara ni mkwewe, Adolphus Busch, aliyezaliwa karibu na Mainz mwaka 1839 katika familia ya watoto 22. Busch alimwoa Lilly Anheuser mwaka 1861, na siku hiyohiyo kaka yake Ulrich alimwoa dada wa Lilly.

Hapa naomba msomaji akae kidogo, maana Busch anatuhusu zaidi ya wote. Katika miaka ya 1870 alianza kupasha moto bia iliyokwisha kufungwa chupani, kwa njia aliyoigundua Louis Pasteur wa Ufaransa: nyuzi 60 hivi kwa dakika kadhaa, vijidudu vinakufa, bia inabaki. Akaongeza mabehewa ya reli yenye barafu. Tangu hapo bia ikaweza kusafiri mbali na pango lake. Kreti la bia linaloshushwa leo kwenye mchanga wa Mpala kutoka kwenye boti, baada ya kukaa juani gatini Kalemie, halijaharibika kwa sababu hiyo. Kila chupa inayonywewa hapa imepita kwanza kwenye hesabu ya Pasteur na ujasiri wa Busch wa kuitumia kwa wingi.

Na je, wajua kwamba boti yenyewe ina uhusiano naye? Mwishoni mwa miaka ya 1890 Busch alinunua haki ya kutengeneza Marekani injini mpya ya mhandisi Rudolf Diesel, na injini ya kwanza ya dizeli nchini humo iliundwa mjini St. Louis mwaka 1898. Ni ukoo wa injini hiyohiyo unaosukuma vyombo vya ziwa letu, hata Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiwa ya mvuke na kubadilishwa kuwa ya dizeli katika miaka ya 1970. Busch alifariki Ujerumani, akiwa mapumzikoni, Oktoba 1913.

Je, wajua kwamba sheria ya Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933? Viwanda vingi vilikufa. Cha Miller kilijishikiza kwa kutengeneza vinywaji baridi na sharubati ya kimea. Cha Busch kiliuza hamira ya mikate na aiskrimu.

Wakati Wamarekani wanafunga, huku ndipo palipofunguliwa. Dar es Salaam ilitangulia: tangu enzi za Wajerumani ilikuwa na kiwanda cha bia cha Mjerumani aitwaye Schultze. Kenya, ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianza na wenzao mwaka 1922, na kreti kumi za kwanza zilipelekwa Hoteli ya Stanley, Nairobi, Desemba mwaka huo. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni. Tusker, yenye picha ya tembo, imepewa jina kwa kumkumbuka. Kongo, kiwanda kilichokuja kuitwa Bralima, chenye Primus, kilianzishwa Léopoldville mwaka 1923. Kile cha Élisabethville, chenye Simba, mwaka 1925.

Je, wajua kwamba Patrice Lumumba aliuza bia? Mwaka 1957 aliingia kiwanda cha Bracongo, Léopoldville, akawa mkurugenzi wa biashara wa bia ya Polar. Alizunguka baa za mji mzima, akiwanunulia watu Polar na kuzungumza nao. Wapinzani wake walisimama na Primus. Watu wa mitaa walimfahamu kwa kazi hiyo kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1960.

Nikirudi kwa Miller: mwaka 2002 kampuni ya Afrika Kusini, South African Breweries, iliinunua Miller ya Milwaukee na kujiita SABMiller. Kwa kuwa ilikwisha kuingia Tanzania tangu 1993, jina la fundi wa Riedlingen likafika hadi Kigoma. Oktoba 2016 SABMiller yenyewe ilimezwa kwa zaidi ya dola bilioni 100 na AB InBev, iliyozaliwa mwaka 2008 InBev ilipoichukua kampuni ya Busch kwa dola bilioni 52. Ili kuruhusiwa, biashara ya Miller iliuzwa kwa Molson Coors. Kwa hiyo leo Miller yuko nyumba moja na yule kijana aliyejificha melini, na Kilimanjaro iko nyumba moja na Budweiser.

Je, wajua, mwisho, kwamba ufundi wa Miller na wa mama wa Mpala ni mmoja? Tazama kazi ya mama. Mtama unalowekwa kwenye gunia, unatolewa, unamwagwa chini na kufunikwa kwa majani. Siku ya tatu ukiyainua majani unakuta vimizizi vyeupe vimefumana, nafaka imekuwa mkeka mmoja, na ukiweka mkono unasikia joto. Unaanikwa, unatwangwa: hicho ndicho kimea. Kinatiwa kwenye uji uliopoa. Baada ya saa chache uji mzito unalegea na kuwa mtamu, ingawa hakuna aliyetia sukari, kwa sababu kimea kimevunja wanga. Kesho yake povu limepanda. Kuotesha, kukausha, kusaga, kupika, kuchachua: Miller alifuata hatua hizohizo kwa shayiri, akaongeza maua machungu ya hopsi yanayoizuia bia isiharibike upesi. Pombe ya mtama haina hopsi wala pango la barafu. Huchachuka kwa joto letu, kwa hamira za hewani na za chungu chenyewe, nayo hunywewa ndani ya siku chache ikiwa bado hai.

Katanga ina elimu nyingine ya ajabu zaidi, munkoyo: mzizi unaopondwa na kutiwa kwenye uji wa mahindi, nao hufanya kazi ya kimea. Siku ya kwanza hata mtoto huunywa.

Haya yote hayakuandikwa kwenye chupa yoyote. Miller, Busch, Pabst, Schlitz na Coors tunawajua kwa majina, miaka na hata siku za harusi zao. Wa kwetu waliotoka jasho kuhudumia misimu ya mavuno, matanga na arusi kwa pombe yao hawana hata daftari moja. Mtu wa nchi hii aliwahi kuonyesha njia: Stefano Kaoze, Mtabwa aliyesoma seminari ya hapa Mpala na kupewa upadre mwaka 1917, aliandika kuhusu fikra na desturi za watu wake akiwa bado mwanafunzi.

Kwa hiyo wewe unayesoma safu hii Mpala, Moba au Kalemie, na bibi yako bado anapika: keti naye msimu huu wa mavuno. Muulize ni mtama upi anaouchagua na kwa nini, analoweka siku ngapi, anajuaje kwamba kimea kimeiva, alifundishwa na nani. Andika yote, na jina lake uliandike la kwanza.